Koleo Kavu

Koleo lilikuwa palepale ukingoni mwa tangi la samaki alipoliacha, na mlishaji mwenyewe yuko chini, mita nne ndani ya maji, mkono wa kulia kinywani mwa mkunga. Ulimbukeni gani huo! Miaka sita amemlisha samaki yule kwa koleo, kile kibanio kirefu cha chuma. Leo mama yake kaja kumwona kazini mara ya kwanza, basi akajitia ufundi wa kumlisha ngisi kwa vidole.

Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, haoni vizuri, hunusa. Alinusa ngisi, akabana ngisi na kiganja pamoja. Meno yake yamelala kuelekea kooni, ukivuta unajichana mwenyewe. Mkia kauzungushia miamba ya saruji, na miamba hiyo nani aliipanga? Yeye huyuhuyu, tundu kwa tundu, ili Mzee, ndivyo alivyomwita, ajione yuko baharini.

Nje ya kioo watu wakapiga makofi. Wanadhani maonyesho! Mama naye akapiga. Mshale wa mtungi wa hewa ukaingia kwenye wekundu. Nife hivihivi huku napigiwa makofi, aliwaza.

Bila kujijua akashika sikio kwa mkono wa kushoto. Tangu utotoni akiumia halii, hushika sikio. Mama akaacha makofi.

"Mwanangu anaumia!"

"Tulia, mama, ndiyo maonyesho yenyewe," mlinzi alisema akicheka.

"Unanifundisha mtoto niliyemzaa? Kamwite mwenzake, au nakivunja hiki kioo!" Akavua kiatu, akagonga kioo hadi mlinzi akatoka mbio.

Fundi wa pampu akazama na mtungi mwingine na kisu. Akampa hewa, wakasubiri. Mzee hakulegeza, na damu ikazidi kutanda majini. Fundi akaonyesha kisu. Yeye akatikisa kichwa: hapana. Kisha akamwona mama yake nje ya kioo, kiatu bado mkononi, analia waziwazi mbele ya watu. Akakipokea kisu mwenyewe, akakielekeza shingoni mwa samaki. Mzee hakukwepa hata kidogo, alishamzoea.

Alipoibuka, mkono umefungwa kwa fulana ya fundi, alipapasa ukingo apate pa kujishikilia. Akashika koleo. Lilikuwa kavu.