Mahari Iliyokatikiwa Umeme

Umeme wa Majimoto ulichagua kukatika pale pale Pudensiana, mwandishi wa programu ya ushirika wa wafugaji, alipobonyeza kitufe cha kompyuta cha kuhamisha umiliki wa ng'ombe wa Malale kwenda kwa mzee Manyanda, mahari ya bintiye Nyanzala. Ng'ombe wenyewe walikuwa nje ya ofisi ya ushirika, hereni za namba masikioni, wanacheua bila wasiwasi. Wasiwasi walikuwa nao watu. Manyanda alishasema hamtoi binti mpaka mashine ikubali, na wafugaji walishasema mashine ikikosea mara moja tu, wanarudi kwenye chapa ya moto.

Umeme ukarudi. Kompyuta ikaanza kujivuta.

"Kama ng'ombe wamefika nusu, mkwe," Manyanda akamwambia Malale, "na binti nitakupa nusu. Chagua: upande unaopika au upande unaokula."

Malale hakucheka. Deogratias, katibu wa ushirika, akanong'ona kwamba wajaze tu kwa mkono, yaishe. Pudensiana akamwondoa kwenye kibodi kama anayefukuza kuku kwenye mpunga.

Alishaumia huyu. Kule Mpanda umeme ulimmezea kazi ya mwaka mzima, na ajira ikafuata. Tangu hapo haandiki programu inayouamini umeme. Hii aliipa diski mbili: ndogo yenye mbio, na kubwa yenye tumbo na uvivu. Kila jambo huandikwa lote kwenye ndogo, kisha hugongwa muhuri, alama kwamba limekamilika, ndipo kubwa inakili taratibu. Mashine ikizimika, ikiamka hutafuta muhuri. Ukiwepo, inamalizia kazi. Usipokuwepo, inafuta yote kama vile hakuna aliyesema kitu.

Skrini ikafunguka. Ng'ombe wote kwa Malale.

"Kwa hiyo binti yangu karudishwa," Manyanda akasema.

"Hajaondoka, baba. Muhuri ulikuwa haujagongwa."

"Na ungekuwa umegongwa?"

Pudensiana alikuwa akilisubiri swali hilo. Akabonyeza upya. Muhuri ulipotokea tu, diski kubwa ikiwa bado haijashtuka, akachomoa waya ukutani.

Deogratias akajishika kichwa. Malale akaketi.

Akachomeka. Wakangoja. Ng'ombe wote kwa Manyanda. Hakuna aliyebaki nyuma, hakuna aliyekuwa na wenyewe wawili.

Manyanda akatoka, akalinganisha hereni na skrini mpaka akachoka kutafuta kosa. Kisha akamwambia Malale aje na watu wake Jumamosi kumchukua bibi harusi.

"Na wewe, binti, njoo ule wali," akamgeukia Pudensiana. "Ila utakaa mbali na nyaya za muziki."