Gari la Shangazi Lapanda Lori

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, na alipokubali hatimaye kuhamia kwa mtoto wa kaka yake, alitoa sharti moja tu: gari lake dogo la bluu nalo lihame.

"Lakini Shangazi, halitembei," alisema mtoto wa kaka, fundi cherehani aliyekuja kumchukua. "Tangu injini ife, kazi yake ni kulaza kuku."

"Hata magoti yangu hayatembei vizuri. Mbona mimi umenifuata?"

Fundi akaenda gereji kuulizia gari la kuvuta magari mabovu. Bei aliyotajiwa ingemnunulia cherehani mbili, na uzi juu. Jirani mmoja mwenye pikapu akajitolea kulivuta kwa kamba, wakajaribu hapo hapo mtaani. Hawajafika mbali, jirani akapunguza mwendo, na fundi, aliyeshika usukani wa gari la bluu, akagundua kwamba gari lisilowaka breki zake ni ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu yote miwili na bado akaigonga pikapu nyuma.

Jirani alishuka, akapapasa bampa lake. "Na hapa ni tambarare. Kule barabara kuu kuna mteremko wa darajani. Samahani, ndugu yangu, mimi bado naipenda dunia."

Kesho yake likaja lori la kuchukua vyombo. Lilikuwa limeleta vitanda kwenye duka moja na sasa linarudi tupu, ndiyo maana dereva, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwatoza kidogo. Kabati, kitanda, viti na masufuria vikapakiwa, vikajibanza mbele kama wageni wenye haya. Shangazi akachungulia.

"Nafasi yote hii iliyobaki mnabeba upepo?"

Dereva alifuata macho yake mpaka kwenye gari la bluu, akacheka. "Nafasi ipo, Mama. Litapandaje? Halina mabawa."

"Pale kwenye tanuri la matofali kuna tuta la udongo wanalopakilia. Kimo chake na cha lori lako ni kimoja."

Dereva akaenda kujionea mwenyewe, akarudi akikuna kidevu. Alitaja nyongeza, Shangazi akaikata, wakakutana katikati.

Matairi yakajazwa upepo, kuku wakafukuzwa, gari likasukumwa mpaka tanurini. Wafyatua matofali waliacha kazi wakaja kusaidia, wengine kwa mikono, wengine kwa midomo. Lori likarudi kinyumenyume mpaka likakaribia kugusa tuta, mbao nene zikaziba pengo.

"Sukuma!"

"Taratibu, jamani, si jiwe hilo!" dereva akaita.

Fundi, jasho likimchuruzika kwenye usukani, aliona mbao zikipita chini yake, kisha sakafu ya lori. Wakavuta breki ya mkono, wakaweka mawe mbele na nyuma ya kila tairi, wakalifunga kwa kamba pande zote.

Shangazi alitaka kusafiri humo humo ndani ya gari lake.

"Hapana, Mama," alisema dereva. "Gari likishapanda gari ni mzigo, na wewe si mzigo."

Jibu lilimpendeza. Akaketi mbele, katikati yao.

Walikuwa nusu ya njia fundi alipojipiga paji la uso. Kupanda wamepanda, na kushuka je? Akampigia mkewe, aliyekuwa mwalimu.

"Ndiyo mnakumbuka sasa?" mke akasema. "Nendeni ghala la nafaka. Lile jukwaa la magunia lina njia ya mikokoteni pembeni. Mlinzi ni mzazi wa mwanafunzi wangu, nitamwomba."

Mlinzi aliwafungulia geti. Gari lilitoka kwenye lori, likapita jukwaani, likateremka njia ya mikokoteni huku wapagazi wanne wa ghala wakilishika kwa nyuma. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni tambarare tupu. Shangazi alishika usukani mwenyewe, wapita njia wakasukuma, naye akawasalimia watu mlango kwa mlango kana kwamba amezaliwa mtaa ule.

"Na injini?" mke aliuliza walipofika.

"Itapatikana," alisema Shangazi. "Mkono mtupu haulambwi, lakini nasi hatukimbizwi."

Asubuhi fundi aliwakuta wawili hao ndani ya gari uani, viti vya mbele, milango wazi, wakinywa chai na kucheka jambo ambalo hawakutaka kumweleza. Akaenda kuleta kikombe chake, akafungua mlango wa nyuma, akaingia.