Utosi wa Kombo Kwenye Foleni ya Mafuvu

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni na mafuvu, nimempakata mwanangu Kombo. Foleni ilikuwa ndani ya darasa letu la jioni, tunamosoma mafuvu ya wanyama, madawati yamesukumwa ukutani.

Mbele ameketi Kobe, amevaa miwani. Anapima kila fuvu kwa kidole, kisha anataja mlango.

"Nyuma ya jicho, matundu mawili. Mlango wa mijusi na mamba."

Kuku aliyekuwa mbele yangu akapita humo humo, hana wasiwasi. Kwamba ndege ni ukoo wa mamba nilikwishasoma, sikushangaa.

"Tundu moja, juu. Baharini."

Fuvu refu lenye meno likaanza kulia. Nikaliuliza, "Baharini kuna nini?"

"Hakuna kitu, dada. Ndio sisi tuliokwisha duniani. Huko harudi mtu."

Nikatazama mlango wa baharini, na ukuta haupo tena. Mawimbi yanapiga miguu ya madawati. Zamu yetu imefika.

Kobe anamvua Kombo kofia. Analiruka doa la wanja ambalo bibi yake humpaka kwenye paji la uso kukinga hasadi, anaweka kidole utosini. Utosi unadunda chini ya ukucha wake.

"Tundu moja, juu," anasema. "Mlete huku, mama."

"Huo ni utosi, babu. Kila mtoto anao. Utafunga."

"Wote husema utafunga."

"Kwani matundu yenu hayakufunga? Mwalimu anasema wazee wenu wa kale walikuwa nayo mawili."

Kobe akaingiza kichwa gambani, akakitoa.

"Ya ukoo wangu niachie mwenyewe," akasema taratibu. "Mlete."

Maji yako magotini. Kombo analia njaa, nami natafuta somo kichwani silioni. Nikampa ziwa, maana hilo ndilo nililokuwa nalo. Taya likaanza kwenda, na pale kwenye panja, nyuma ya jicho, ngozi ikawa inapanda na kushuka.

"Weka kidole hapa, babu," nasema. "Tundu linalohesabiwa ni la msuli wa taya. Utosi hautafuni."

Kobe anaweka kidole. Anasubiri. Maji yananifika kiunoni. Kombo ananyonya tu, kafumba macho.

"Moja," anasema Kobe mwishowe. "Chini, nyuma ya jicho. Mlango wa wanaonyonyesha. Haya, piteni."

Kisha akalizoa lile doa la wanja kwa ncha ya ukucha, akalibandika kwenye panja la mwanangu. "Huko mlangoni wasije wakakurudisha."

Nikaamka. Shuka kavu, Kombo kalala ubavuni kwangu, utosi wake unadunda.

Asubuhi mama mkwe akaja na kichupa chake cha wanja. Akamgeuza mtoto, akakunja uso. Paji safi, doa liko nyuma ya jicho, dogo, la duara.

"Nani kampaka huku?"

"Liache hapo hapo, mama," nikamwambia. "Ndipo wanapohesabu."