Oili Iliyopanda Kila Asubuhi

Tangu nahodha Papa Apollinaire aanze kupika mawese na kuyageuza dizeli, boti lake lilisifiwa bandari nzima ya Bukavu. Moshi mweusi uliisha, ukabaki mwembamba wenye harufu ya maandazi. Abiria wakafurahi. Watu ni wa ajabu: pua ikiridhika, hakuna anayeuliza habari za injini.

Fundi Théodore alikuwa nazo habari hizo. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, na kila asubuhi oili ilikuwa imepanda, ingawa hakuna aliyeongeza hata tone.

"Moteri yangu hainywi tena huile, iko inazala!" Papa Apollinaire alicheka. "Fundi, unatafuta nini tena?"

Théodore alijua oili haizai. Mafuta ya mawese yasiyoungua yalikuwa yakipenya pembeni mwa pistoni, yakishuka na kuchanganyika nayo. Alilisema hilo mara moja tu, akakaripiwa, akafyata mkia. Tangu hapo alikuwa akinyonya kile kilichozidi kwa bomba la mkono mpaka kijiti kisome sawasawa, kisha anamwinulia nahodha kidole gumba. Alifanya hivyo wiki tatu, naye nahodha hakuwahi kuuliza neno.

Jumanne hiyo mkewe, Aimée, alipanda boti kwenda Minova, mtoto wao Bruno mgongoni. Bomba lilikuwa zito kulivuta. Théodore akadhani ni baridi ya asubuhi. Akapima, akainua kidole. Boti likaondoka, yeye akabaki bandarini.

Ndipo alipoinamisha kopo amwage kile alichokinyonya. Hakikumwagika. Kilining'inia mdomoni mwa kopo, cheusi, kikivutika kama ulimbo. Mawese yalikuwa yameigeuza oili kuwa uji. Uji huo ndio uliokuwa ukitegemewa kulainisha vyuma, safari nzima.

Alimpigia nahodha, hakupatikana. Akapiga tena na tena. Mbele yake upepo ulikuwa umeanza kuchafua ziwa.

Saa sita simu iliita. Alikuwa Aimée, na nyuma yake watu wakipiga kelele.

"Papa Bruno, moteri imekufa. Tuko katikati ya lac, mawimbi iko nguvu."

Théodore aliikandamiza simu sikioni.

"Batu balianza kulia," Aimée aliendelea, kwa utulivu. "Lakini nimebatuliza. Nimebaambia basiogope, bwana yangu mwenyewe ndiye alipima huile leo asubui."