Mguu wa Syokau Kwenye Breki

Syokau alipenda kuwaambia akina mama wa kanisa kwamba hakuna gari lililowahi kumshinda maishani. Kisha, kabla hawajaanza kumshangaa, aliongeza mwenyewe kwamba hajawahi kuendesha hata moja, na kwamba hata mlango wa nyuma huwa anafunguliwa na watu.

Jumamosi hii alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, nje ya nyumba yake Makongeni, viatu amevua, mguu wa kulia juu ya pedali ya breki. Godoro lake lilikuwa limefungwa kwa kamba juu ya gari. Mwanawe Nzuki alikuwa amekuja kumhamisha. Tangu mama ateleze bafuni, Nzuki alikuwa amekata shauri: hatakaa peke yake tena, ataishi naye Kiuu, kule Ruiru, ghorofa ya nne. Syokau aliwahi kulala huko. Alikaa dirishani akitazama mabati ya watu asiowajua, na jioni hakuna hata jirani mmoja aliyebisha hodi kuomba chumvi. Alikataa kuhama, akakataa tena, lakini Nzuki alikuwa na masikio ya kazi nyingine.

Afueni ililetwa na gari lenyewe. Nzuki alipokuwa akikaribia Makongeni, pedali ilizama chini ya mguu wake kama amekanyaga ndizi iliyoiva. Gathogo, fundi mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alifungua gurudumu la nyuma la kushoto akakuta ndani kumelowa mafuta ya breki. Raba ya kipampu cha gurudumu hilo, kile kinachosukuma breki, ilikuwa imekwisha. Aliweka kipampu kipya. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwenye paipu, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja gurudumuni, mmoja kwenye pedali. Nzuki alikuwa bado anabeba masufuria. Syokau akajitolea, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Gathogo alimweleza vizuri. Akanyage mara kadhaa, kisha ashikilie. Yeye atalegeza kinati cha kutolea hewa kule nyuma, mafuta na hewa vitoke, pedali ishuke. Asiinue mguu mpaka aambiwe.

"Ukiinua mapema, shosho," akamwambia bibi, "hewa inarudi ndani, na tumefanya kazi ya bure."

Syokau alimwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

"Shika hapo hapo!"

"Nimeshika," Syokau akasema, na mguu wake ukapanda polepole, kama mtu anayetoka chumbani mtoto akiwa amelala.

Walipojaribu, pedali ilikuwa laini vile vile. Wakaanza upya. Gathogo aliongeza mafuta kwenye kikopo kilicho chini ya boneti, akapapasa paipu zote akitafuta mahali panapovuja, akalala tena kwenye vumbi. Shika. Nimeshika. Laini. Mwishowe alisema huenda ni pampu kubwa ya breki kule mbele, na hiyo itabidi ingoje duka lifunguliwe Jumatatu. Syokau alisikitika kwa sauti. Moyoni alikuwa tayari kitandani mwake, Jumapili asubuhi, akisikia kengele ya kanisa lake. Mpango wake haukufika mbali zaidi ya hapo.

Ndipo Nzuki akaja na kifurushi cha mwisho. Alimpandisha bintiye Kaluki kiti cha nyuma, akamwambia Gathogo aache tu. Ataliendesha hivyo hivyo. Ukipiga pedali mara mbili linashika, alisema, na breki ya mkono ipo, na yeye atakwenda pole pole upande wa kushoto mpaka Ruiru. Kesho alikuwa na zamu kazini.

Syokau aliiona barabara kuu kichwani mwake, malori ya mawe yakiingia kutoka Juja, na kichwa kidogo cha Kaluki nyuma ya kiti.

"Nzuki, gari hili haliendi."

"Mwaitu," Nzuki akamwambia mama yake, "tangu asubuhi unatafuta sababu."

Na kweli alikuwa ametafuta. Alimgeukia fundi akamsihi wajaribu mara moja tu. Gathogo alimtazama, akarudi nyuma ya gari.

Safari hii Syokau alishika kweli. Pedali ilishuka hadi sakafuni naye akabaki nayo huko mpaka aliposikia "achilia". Akakanyaga tena, akashika tena. Kidogo kidogo pedali ilianza kumsukuma, kisha ikakaza, kisha ikawa kama jiwe. Kila ilipokaza, nyumba yake ilizidi kumtoka.

Nzuki aliikanyaga mwenyewe, akafurahi, akamrudisha mama kiti cha dereva apumzike wakati yeye akikaza kamba za godoro. Aliuliza ugonjwa ulikuwa nini. Gathogo alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, bila haraka.

"Shosho, mguu haukutoka hata mara moja?"

"Haukutoka, tangu tuanze. Mimi nimekanyaga cherehani kiwandani nikishona magunia mpaka nikazeeka. Nitashindwa na hii?"

Gathogo alimwomba Nzuki asimame nyuma ya gari, kisha akamwambia Syokau akanyage.

"Taa inawaka?"

"Nyekundu," Nzuki akajibu.

"Inua, shosho."

"Imezima."

Syokau hakuwa amejua kwamba mguu wake ulikuwa na uhusiano wowote na taa za huko nyuma.

"Hiyo taa ilikuwa juu ya kichwa changu," Gathogo akasema. "Inawaka, kisha unasema umeshika, inazima. Nikadhani ni waya mbovu. Mpaka hii mara ya mwisho, ilipokaa imewaka."

Nzuki alizunguka gari akainama dirishani. Hakupaza sauti.

"Mwaitu, umesema haukutoka."

"Ulitoka, kila mara isipokuwa hii ya mwisho," Syokau akasema, akainama kuvaa viatu vyake.