Behewa la Mama Shani

Mchana, ubwabwa ukiwa bado mzito tumboni, Mzee Mihayo anafumba macho kitini, na usingizi haumlazi, unamsukuma. Mkewe, Mama Shani, amemnunia tangu asubuhi: yeye anataka wahamie Kigoma kwa binti yao, mzee anaapa haondoki Tabora labda abebwe na winchi. Basi anajikuta yadi ya reli, ileile aliyopangia mabehewa miaka thelathini na moja, ila leo njia zinagawanyika kama vidole, na vidole vinaota vidole. Kutoka kilimani mabehewa yanateremka yenyewe, moja moja, yameandikwa kwa chaki ubavuni, Mwanza, Mpanda, Kigoma, kila moja linashika njia yake na kugonga wenzake, ko, treni inarefuka. Moja limebeba harusi yao nzima, matarumbeta yanalia ndani, mniamini msiniamini. Kando yake amesimama mtu mwenye bendera, chini ya kofia hana uso, pamelainika kama yai. Mzee anasubiri shikamoo, haiji. Lile linalokuja ni la nani? anauliza. La anayekupikia ukilala, anajibu mwenye bendera. Na mimi nimepangwa njia ipi? Jisome. Mzee anainama: kifuani pana chaki, TABORA, LISISOGEZWE, na mwandiko ni wake mwenyewe.

Behewa linashika kasi, limeandikwa KIGOMA, na mlangoni Mama Shani amekaa na ungo, anachambua mchele, hamtazami. Mzee anarukia wenzo wa kubadili njia. Akiuvuta tu, mkewe ataingia njia isiyotokea popote, ubavuni pa mzee, na watakaa. Vuta, anasema asiye na uso, wangapi umewapeleka na wewe ukabaki? Mama Shani anainua kichwa. Baba Shani, we mkaidi, mikono hiyo umenawa? Miaka arobaini na mbili anaulizwa hivyohivyo, na leo swali linamlegeza vidole. Anauachia wenzo, anafuta kifua kwa kiganja, anaandika KIGOMA, herufi zimelewa, anakimbia na magoti yake mabovu, anajitupa behewani kwa mkewe. Chuma kinashika chuma, ko.

Anagutuka na kufumbua macho. Kiti ni kilekile, sebule ni ileile. Polepole, anasema mkewe, utanivunjia vikombe. Mzee anataka kumwambia kwamba amekubali, lakini nje ya dirisha nguzo za simu zinapita, moja baada ya nyingine, zinarudi nyuma. Mama Shani, tumefika wapi? Acha vituko, lala, anajibu mkewe, na anamwekea mto shingoni.