Mwanamume Aliyeimba "Viatu Vyeupe"

Kwa wiki tatu Isaiah Andati alikuwa akijifunza kulia. Si kilio kirefu. Kilikuwa cha sekunde mbili tu, katikati ya wimbo uliorekodiwa mwaka wa sitini na sita, na kila alipokijaribu kilitoka kama kikohozi.

"Rudia," Shikanga alimwambia kutoka upande wa pili wa kioo. "Yeye hakulazimisha. Kilimtoka chenyewe."

Andati alikuwa na miaka thelathini na moja. Jumamosi aliimba kwenye harusi za Kakamega, Jumapili akaongoza kwaya kanisani, na katikati ya wiki alikuwa kwa Shikanga, ambaye studio yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kuta zikiwa zimefunikwa kwa magodoro. Sauti ya Andati ilikuwa nzito, ya kutokea kifuani, na ndiyo iliyomletea kazi hii. Mwelekezi mmoja aitwaye Chepng'etich alikuwa akirekodi filamu huko Lugari, karibu na Mautuma, kuhusu familia iliyopata shamba Wazungu walipoondoka. Alitaka nyimbo nne zilizovuma wakati huo ziimbwe upya na waimbaji wa leo. Tatu aliwapa waimbaji wa Nairobi. Wa nne, "Viatu Vyeupe", ulihitaji mwanamume mwenye sauti ya chini, ya mtu aliyechoka na dunia.

Santuri yenyewe hakuna kati yao aliyeiona. Chepng'etich alikuwa ametumiwa sauti tu na mkusanyaji mmoja wa muziki wa zamani, pamoja na picha ya lebo iliyochubuka. Kilichosomeka ni "Makhanu na Wenzake", basi wote wakaamua kwamba anayeimba ni Makhanu.

Na aliimba polepole sana, huyo Makhanu. Gitaa lilikokota nyayo nyuma yake.

*Viatu vyeupe viko mlangoni,*
*nimevipangusa vumbi.*
*Njoo uvivae, njoo twende,*
*jua lisije likatuacha.*

Baada ya ubeti wa pili kengele ililia mara moja, kama ya kanisa la mbali, kisha Makhanu akalia. Chepng'etich alikuwa amejenga sehemu nzima ya filamu juu ya hapo: mkulima anarudi kutoka kumzika mkewe, anakuta viatu vya marehemu mlangoni, anakaa chini kando yake. Sehemu hiyo ilikuwa imesharekodiwa. Iliyobaki ilikuwa sauti ya Andati.

Tatizo lilikuwa ubeti wa tatu. "Baba amelala," aliimba Makhanu, na hilo lilieleweka, msiba juu ya msiba. Lakini mstari uliofuata ulisikika kama "Bwana asisikie". Andati aliusikiliza mara hamsini. Kwa nini mtu mwenye kufiwa hataki Bwana asikie? Kwaya yake ilikuwa na nyimbo nyingi za kumwomba Mungu asikie. Wa kumwomba asisikie hakuwahi kukutana nao.

"Labda amemkasirikia," Shikanga alisema.

"Mwaka wa sitini na sita? Kwenye santuri?"

Shikanga akatuma kipande cha wimbo kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa muziki wa zamani, akiuliza kama kuna anayejua maneno. Siku mbili baadaye msichana mmoja wa Matungu, Gentrix, akajibu. Nyanya yake aliyajua maneno yote, aliandika, lakini hakumjua huyo mwanamume anayeimba.

Andati alikwenda Alhamisi asubuhi. Kutoka Mumias alichukua boda boda, wakapita katikati ya miwa hadi kwenye boma lenye nyumba ya mabati mapya. Gentrix, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo, alimpokea na kumpeleka kwa nyanya yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akimenya njugu.

"Kukhu, huyu ndiye Andati, yule wa wimbo."

Pascalia Navalayo alikuwa na miaka sabini na saba. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani, akamwambia akae, akauliza yeye ni wa watu gani na mama yake ametoka wapi. Aliporidhika akasema, "Haya. Mlete huyo mwanamume."

Andati aliweka simu juu ya mkeka. Wimbo ulianza. Pascalia aliendelea kumenya kwa kitambo, kisha vidole vikasimama. Ulipoisha alisema, "Maneno ni yangu. Wimbo niliutunga mimi, na nikauimba mimi. Sasa huyu ni nani?"

"Tulidhani ni Makhanu, Mama."

"Makhanu alikuwa wa gitaa. Kuimba alikuwa hawezi hata kuita ng'ombe." Akaisukuma simu kwa kidole kimoja. "Huyu ameiba wimbo wangu. Na amenifuata hadi kwa pumzi. Mahali nilipokuwa navuta pumzi, na yeye anavuta. Hata pale nilipocheka amejaribu kucheka akashindwa."

Andati hakuelewa. "Ulipocheka wapi?"

"Pale katikati. Jamaa wetu mmoja, Erastus, alikuwanga anagonga chupa ya soda kwa msumari, ndiyo ilikuwa ngoma yetu. Chupa ikamponyoka ikagonga mguu wa kiti. Mimi nikacheka. Nilijua tutaambiwa turudie, lakini yule Mzungu wa mitambo akasema iko sawa, twende nyumbani."

Andati alihisi kichwa kikijaa. Kengele ya kanisa ilikuwa chupa. Kilio alichokuwa akijifunza wiki tatu kilikuwa kicheko. Lakini cha nani, ikiwa aliyekicheka ni mwanamke huyu na sauti ni ya mwanamume?

"Mama, unaweza kuniimbia kidogo?"

Pascalia alikohoa, akapiga makofi mara tatu kujipa mwendo, na akaimba. Sauti ilikuwa imekauka kwa umri lakini mwendo ulikuwa wa mtu anayekimbilia ngoma. Viatu vyeupe vilikuwa vya rafiki yake, alieleza, navyo vilifichwa mlangoni ili wasichana hao wawili watoroke kwenda kucheza dansi Mumias kabla ya giza.

"Na Baba amelala?"

"Amelala. Anakoroma. Alikuwanga analala mchana akitoka kwa miwa."

"Na Bwana asisikie?"

Pascalia alimwangalia kama mtu asiye na akili timamu. "Mbwa. Mbwa asisikie. Tulikuwa na mbwa mkali."

Sasa Gentrix akachukua simu. Masomo ya chuo aliyasikilizanga kwa kuharakisha, alisema, ili amalize upesi. Acha ajaribu hapa pia. Alipobonyeza, gitaa likachangamka, mwendo ukawa ule ule wa makofi ya Pascalia. Lakini mwimbaji alibaki mwanamume.

"Sasa anakimbia," Pascalia alisema. "Lakini bado simjui."

Hapo hata Gentrix alichanganyikiwa. Andati akampigia Shikanga, akamweleza yote bila mpangilio: chupa, kicheko, mbwa, mwanamume anayekimbia. Shikanga alimwomba arudie, kipande kwa kipande.

"Ngoja," Shikanga alisema mwishowe. "Santuri ndogo za wakati huo zilizungushwa mara arobaini na tano kwa dakika. Kama huyo mkusanyaji aliiweka kwenye mashine iliyokuwa kwenye thelathini na tatu, kila kitu kilishuka. Mwendo ukashuka, na sauti ikashuka pamoja nao. Simu inaharakisha mwendo tu, sauti inaiacha chini. Nipe dakika kumi."

Walizingoja kwa chai na njugu. Wimbo ulipofika, Andati aliubonyeza bila kujiandaa, na msichana wa miaka kumi na tisa akaingia katika boma lile. Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye ujanja. Chupa ikaanguka, tiing, na msichana akacheka.

Pascalia alichukua simu mwenyewe, akaishika karibu na sikio hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Andati hakulitarajia: "Nirudishie yule mwanamume."

"Yule ni wewe pia, Kukhu," Gentrix alisema. "Umeshushwa tu."

"Nimesikia. Mrudishe."

Wakamrudisha. Pascalia alimsikiliza akiwa amefumba macho, na Andati akashindwa kujua kama alikuwa amekasirika au la. Mwisho alisema tu kwamba mtu yeyote atakayeuweka wimbo huo kwenye sinema aandike Pascalia, si Makhanu, maana Makhanu alishapata sifa za kumtosha.

Kesho yake Andati alikwenda hadi Mautuma, kwa sababu jambo hili hakuweza kulieleza kwa simu. Alimkuta Chepng'etich kwenye shamba la mahindi, ameketi kwenye kreti lililofunikwa gunia, akila mkate. Alimpa hedifoni. Akamtazama akisikiliza.

"Kwa hiyo hakuna kengele," Chepng'etich alisema.

"Ni chupa ya soda."

"Na baba yake hakufa."

"Anakoroma, kwa maelezo ya mwenyewe."

Chepng'etich alifunga mkate ndani ya karatasi polepole. Mwigizaji wake, alisema, alikuwa ameketi kando ya vile viatu kwa siku nzima, na watu wa mitambo wawili walitoka nje kwa kushindwa kujizuia. "Nimewaliza watu wazima kwa wimbo wa wasichana wanaotoroka nyumbani. Sasa nifanye nini? Nikitumia ule wa haraka, sehemu yangu inakufa. Nikitumia wa polepole, ninajua ni mashine iliyokosea. Wewe unaonaje?"

"Mimi hata sijui kama nastahili kuuimba," Andati alisema. "Ulinichukua kwa sababu ya sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo."

Alipolisema ndipo alipojua kwamba hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kwa wiki tatu alikuwa amempenda huyo Makhanu. Alimwona mwembamba, mwenye koti, aliyefiwa mapema. Alikuwa amejifunza kutoka kwake jinsi ya kuacha neno lining'inie. Sasa hakujua amejifunza kutoka kwa nani.

Chepng'etich alifikiri, kisha akasema mtu wa kuulizwa yuko Matungu, na hakuna kitakachorekodiwa bila yeye kuwepo.

Jumanne Pascalia alipanda ngazi za studio akiwa ameshika mkono wa Gentrix, amevaa gauni la kanisani. Alikataa kukaa upande wa Shikanga na Chepng'etich. Alitaka kiti katika chumba kile kile alichoimbia Andati, hatua mbili kutoka kwake.

Andati alianza vibaya. Mwendo ulikuwa wa polepole, kama walivyokubaliana kujaribu, lakini mwili wake ulikuwa umeshasikia ule mwingine na ulitaka kukimbia. Wakasimamisha. Wakaanza tena. Ubeti wa tatu ulipofika, Pascalia akainua mkono.

"Sema mbwa vizuri. Watu wasije wakadhani ni Bwana. Mungu alikuwa hana shida na sisi."

Mara ya nne alipita ubeti wa kwanza na wa pili bila kumtazama mtu. Alipofika pale katikati hakuwa ameamua lolote. Kulia hangeweza, kwa kuwa alijua. Kucheka hangeweza, kwa kuwa viatu vilikuwa mlangoni na mwendo ulikuwa mzito. Kifua kikamtikisika mara moja, kikatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, naye akaendelea na wimbo kwa sababu gitaa lilikuwa likiendelea.

Alipomaliza, nyuma ya kioo Shikanga alimgeukia Chepng'etich. Chepng'etich alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Ile ilikuwa nini?" aliuliza kupitia spika.

"Sijui," Andati alisema.

"Mama Pascalia, wewe unataka upi? Huu au ule wako wa haraka? Nitafuata utakachosema."

Pascalia alinyoosha gauni magotini. "Mimi pia sijui, mwanangu. Ule wangu nikiusikia namwona yule rafiki yangu. Huu wa huyu kijana unaniuma, na mwaka huu sijafiwa na mtu." Akamtazama Andati. "Weka huu. Lakini muandike kama nilivyosema."

Waliandika. Filamu ilipoonyeshwa miezi minane baadaye, jina la Pascalia lilikuwa juu ya jina la Andati, na Gentrix alilipiga picha likiwa kwenye ukuta wa ukumbi. Ule wa haraka haukutumika popote. Baadhi ya watu waliotoka ukumbini walimwambia Andati wimbo ule ni wa huzuni sana; mmoja alimuuliza kwa nini alikuwa akitabasamu alipouimba. Wote aliwashukuru.

Lakini siku ile ya kurekodi, baada ya vifaa kuzimwa, Andati aliwasindikiza Pascalia na Gentrix hadi stendi. Njiani bibi alimuuliza kama ana mke, akasikia hana, akasema hilo linarekebishika. Kisha, wakipita mbele ya wauza mitumba, akasema ana nyimbo nyingine kumi na moja ambazo hazikuwahi kufika Nairobi kurekodiwa, kwa sababu aliolewa na mume hakutaka asafiri.

"Mmoja ulikuwa hivi," alisema, na akaanza kuimba katikati ya watu, kwa sauti ya chini, kuhusu mwanamke anayeota moto wa mtu mwingine. Andati akatoa simu aurekodi. Bibi akamshika mkono.

"Hapana. Shika kwa mdomo kwanza."

Akaurudia naye akaufuata, mstari kwa mstari, watu wakiwapisha. Mwendo haukuwa wa haraka wala wa polepole. Walipofika stendi Andati alikuwa ameushika ubeti mzima na bado hakujua uso gani auvae anapouimba.

"Kukhu," aliuliza, "huu ni wa furaha au wa majonzi?"

Pascalia aliweka mguu mmoja ndani ya gari, akafikiri huku konda akimngoja.

"Nimesahau," alisema. "Njoo Alhamisi, pengine nitakumbuka."